Sayansi ya Chakula au Lishe? Kwa mliokwama kujaza chuo

Kila mwaka matokeo ya fomu siksi yakishatoka tu simu yangu haipumui, mara mtoto wa jirani, mara mdogo wake rafiki yangu, na swali ni lile lile: "kaka nna CBG, nijaze Sayansi ya Chakula au Lishe, si ni kitu kimoja?" Si kitu kimoja. Majina yanakaa jirani, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, zipo zote mbili chini ya milima ya Uluguru, na kuna masomo utakaa benchi moja na mwenzio wa upande wa pili, ila mkishamaliza kila mtu anashika njia yake na mnaweza msikutane tena kikazi mpaka mkutane kwenye mfuko wa unga wa lishe.

Nianze na huo unga basi. Unaujua, mfuko wa kilo moja, picha ya mtoto mwenye mashavu, alafu orodha ya vilivyomo mpaka unachoka kusoma: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano, mbegu za maboga. Mpe mtu wa Sayansi ya Chakula, ataugeuza nyuma kwanza. Tarehe ya kuisha iko wapi, unyevu ulipimwa, soya ilikaangwa au ilisagwa mbichi (soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini vizuri, joto ndo linaviondoa), karanga zilichambuliwa, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inapenda karanga na mahindi kuliko kitu kingine, na haya mafuta ya karanga na soya yatakaa muda gani kwenye huu mfuko mwepesi kabla unga haujawa mchungu. Mpe mfuko huo huo mtu wa Lishe, wala hataugeuza, atakugeukia wewe. Mtoto ana miezi mingapi? Bado ananyonya? Uji unaukoroga mzito au maji maji? Anakula mara ngapi kwa siku? Na hela ya huu mfuko si ungenunua mayai na dagaa ukabaki na chenji?

Maswali yote ya maana, ila ni ya watu wawili tofauti.

Niseme mapema nimekaa wapi ili usije ukaniona mnafiki: mimi nilisoma Sayansi ya Chakula na nimefanya kazi kiwandani miaka kadhaa, mdogo wangu wa kike kasoma Lishe na ni afisa lishe kwenye halmashauri moja huko mkoani. Kwaiyo upande wa Lishe naongea niliyoyaona kwake na tunayobishana kila sikukuu.

Navyolinganisha, naangalia vitu vitano: darasani kuna nini na kinang'ata wapi, siku ya kazi inakuaje, nani anakuajiri, ukitaka kujiajiri unaanzia wapi, na ukitaka kusonga mbele au kuhamia upande wa pili inawezekana vipi. Mshahara siuweki peke yake kwa sababu unategemea mwajiri kuliko kozi, nimeona watu wa kozi moja, mwaka mmoja, wanapishana mbali sana.

Darasani

Sayansi ya Chakula, ambayo kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, utaikuta kwa jina la Food Science and Technology, ni kemia, vijidudu na mashine. Utasoma kemia ya chakula, maikrobiolojia, usindikaji wa maziwa, nyama, nafaka, matunda, ufungashaji, sheria na viwango, na uhandisi. Hapo kwenye uhandisi ndo watu wanakula sapu, kwa sababu wengi walikimbia hesabu fomu foo wakidhani wameachana nayo, kumbe inawasubiri huku, unapiga hesabu za joto linavyosafiri mpaka katikati ya kopo la maharage. Na si hesabu za kujaza karatasi. Maziwa unaweza kuyapasha nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, matokeo kiusalama ni yale yale ila mashine ni tofauti kabisa na gharama ni tofauti. Chakula cha kopo kisicho na uchachu wa kutosha, yaani pH ikizidi 4.6, lazima kipelekwe kwenye nyuzi 121 hivi, maana kuna bakteria anaitwa botulinamu anaishi bila hewa na sumu yake haina mzaha.

Lishe ni mwili na watu. Fiziolojia, biokemia (hii inawakuta wote na inawatesa wote), lishe ya mama na mtoto, lishe ya wagonjwa, epidemiolojia (magonjwa yanavyosambaa kwa watu), takwimu, ushauri nasaha, kupanga na kutathmini miradi. Wanaodhani Lishe ni mteremko wanashtuka kwenye takwimu na biokemia. Kuna mambo pia ambayo ukikosea unaua mtu, kwa mfano mtoto mwenye utapiamlo mkali huwezi kumpa chakula kingi siku ya kwanza kwa huruma, mwili wake haukihimili, ndo maana wodini wanaanza na maziwa maalumu ya F-75 alafu akitulia anahamishiwa F-100. Namba hizo ni kilokalori kwa kila mililita 100. Mdogo wangu anasema mama kumuelewesha kwamba mtoto wake aliyekonda anapewa kidogo kwa makusudi ni kazi kuliko mtihani wowote aliofanya chuo.

Kuhusu kuingia, zote zinataka sayansi na kemia ndo mlango. PCB, CBG, CBA (A ni kilimo), CBN (N ni lishe) wanaingia kwa namna tofauti kutegemea na chuo, kiwango cha jumla cha TCU ni alama mbili za prinsipo zenye pointi 4.0, ila usikomalie hapo tu, soma sifa za chuo chenyewe za mwaka wako maana zinabadilika. Wa CBN mara nyingi wanajisikia wako nyumbani Lishe, wa PCM wanajisikia nyumbani Sayansi ya Chakula.

Siku ya kazi

Hapa ndo nataka ukae sana, kwa sababu watu wanachagua jina la kozi badala ya kuchagua siku.

Mtu wa Sayansi ya Chakula akiajiriwa kiwandani mara nyingi anaanzia kwaliti, kitengo cha kusimamia ubora. Koti jeupe, kofia ya nywele, buti, hakuna pete, hakuna kucha ndefu, hakuna manukato. Kuna shifti za usiku. Kila saa unachukua sampuli, unapima utamu kwa refraktomita, unapima pH, unaangalia vifuniko vimebana, unajaza fomu, unasaini. Kelele za mashine mpaka ukirudi geto bado unazisikia. Nakumbuka usiku mmoja, saa nane hivi, kiwanda kimoja cha juisi (jina libaki tumboni), chati ya joto ya pasturaiza, mashine ya kupasha juisi ili kuua vijidudu, ikaonesha joto lilishuka dakika chache na juisi ilishapita imejazwa kwenye chupa. Nikasema bechi hii haitoki. Supavaiza wa prodakshini akanijia juu, lori lipo getini, mteja anasubiri, "juisi umeionja ina shida gani?" Haina shida mdomoni bwana, shida ipo kwenye kitu ambacho huwezi kukionja. Nilikomaa, bechi ikazuiwa, na wiki nzima nilikuwa nakula peke yangu kantini. Kama wewe ni mtu wa kutaka kila mtu akupende, kazi ya kwaliti itakutoa machozi, maana umeajiriwa kusema hapana kwa watu wanaokuzidi umri na cheo.

Ila si kwaliti tu. Kuna kutengeneza bidhaa mpya (hii ni tamu, unaonja kazini na unalipwa), kuna ukaguzi, kuna maabara, kuna kusimamia uzalishaji, kuna watu wa manunuzi ya malighafi wanaozunguka vijijini kukagua mahindi na maziwa.

Siku ya mdogo wangu ni nyingine kabisa. Asubuhi pikipiki mpaka kijijini, ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, wanaiita SALIKI, watoto wamepangwa chini ya mwembe, mzani umening'inia, na ule utepe wa kupima mzingo wa mkono: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo anapelekwa kituo cha afya, si wa kesho. Alafu anakaa na mama mmoja mmoja. Anagundua mama anajua vizuri tu cha kumpikia mtoto, alishafundishwa kliniki, tatizo yuko shamba toka alfajiri mpaka jua linazama na mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba. Hapo huna dawa ya kuandika, unatafuta njia. Mchana kikao cha kamati ya lishe ya halmashauri, ripoti, mfumo wa takwimu haufunguki, na bajeti. Halmashauri zimeelekezwa zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, ila kutengwa kwenye karatasi na hela kutoka ni vitu viwili, kwaiyo nusu ya kazi yake ni kumfuatilia mweka hazina kwa heshima na bila kuchoka. Ananiambia afisa lishe asiyejua kuongea na mwenyekiti wa kijiji, shehe, mchungaji na mkurugenzi, kila mmoja kwa lugha yake, hafiki popote.

Kuna Lishe ya hospitali pia na hii inakua, wagonjwa wa kisukari, presha, figo, waliotoka upasuaji. Mgonjwa wa figo anaambiwa apunguze potasiamu, sasa mwambie Mhaya apunguze ndizi uone. Huko hakuna vumbi la pikipiki ila kuna wodi, na wodi nayo ina uzito wake, wapo watoto watakaokufa mikononi mwako na hakuna kozi inayokuandaa kwa hilo.

Nani anaajiri

Sayansi ya Chakula inaegemea sekta binafsi: viwanda vya unga, maziwa, juisi, sukari, mafuta, bia, nyama, samaki. Vingi vipo Dar, ila maziwa nenda Tanga na Iringa, samaki nenda Mwanza. Hawa wa samaki wana historia ya kuisimulia, miaka ya 1997 mpaka 1999 Ulaya ilifunga mara kadhaa soko la sangara wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama, viwanda vikalazimika kujipanga upya na mfumo wa HACCP, ule wa kuwinda hatari kabla haijatokea, uliozaliwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya chakula cha wanaanga. Toka hapo kiwanda cha kuuza nje bila watu wa kwaliti hakuna. Serikalini kuna TBS, shirika la viwango, ambalo toka 2019 ndo limebeba usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kutolewa iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kuna SIDO la viwanda vidogo, TIRDO la utafiti wa viwanda, vyuo na utafiti. Nafasi za serikali ni chache, viwandani unaingia haraka zaidi ila wengi mnaanza na mkataba mfupi na mshahara wa kukunja uso, na fildi yako ya chuo ndo intavyu yako ya kwanza, ukifanya kazi vizuri miezi ile miwili wanakukumbuka.

Lishe inaegemea serikali na mashirika. Kuna nafasi za maafisa lishe mikoani na kwenye halmashauri, hospitali, na Taasisi ya Chakula na Lishe, TFNC, iliyoanzishwa 1973. Kazi ipo, hilo halina ubishi: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, imeshuka toka 34 ya 2015, na cha kushangaza ni kwamba Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto, Njombe na Rukwa kama nusu, yaani mikoa hiyo hiyo inayotulisha mahindi nchi nzima. Na Iringa hiyo hiyo ndo kulikofanyika mradi mkubwa wa lishe miaka ya 1980, mawazo ya pale kuhusu visababishi vya utapiamlo UNICEF wakayachukua 1990 yakawa mchoro unaofundishwa dunia nzima. Ukisoma Lishe utaukuta huo mchoro, ujue umetokea kwetu.

Tatizo kazi kuwepo na ajira kuwepo si mamoja. Serikali inaajiri kwa vipindi, unakaa unafungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kama mtu anayesubiri mkeka ujibu. Mashirika yanalipa vizuri ila ni ya mradi, mradi ukiisha na wewe umeisha, na mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, watu wengi wa miradi walirudi nyumbani bila kutarajia. Kwa upande wa uhakika wa muda mrefu, afisa lishe aliyeshaingia serikalini ametulia kuliko mimi wa kiwandani. Kwa upande wa kuingia haraka, kiwandani.

Kujiajiri

Hapa Sayansi ya Chakula ina mkono mrefu kidogo, siwezi kudanganya. Unajua kutengeneza kitu: mtindi, jemu, achari, siagi ya karanga, viungo vya kusaga, na ukipitia SIDO kama mjasiriamali mdogo unapata unafuu kwenye safari ya nembo ya TBS. Ila mtaji ni vifaa, vifungashio na uvumilivu. Waliofeli niliowaona hawakufeli kwenye bidhaa, walifelia kwenye kuuza. Wengine hawatengenezi chochote, wanawasaidia wajasiriamali kuandaa makaratasi, lebo, mpangilio wa jengo, na wanalipwa.

Lishe ukijiajiri unauza maarifa yako. Ushauri kwa wagonjwa, kwa jimu, kwa shule, kwa wenye uzito uliozidi ambao mjini sa hivi ni wengi. Mtaji mdogo, ila mtandaoni umejaa watu wasiosoma wanaouza majani ya kupunguza tumbo kwa siku saba, na wewe mwenye digrii unamwambia mteja itachukua miezi, nani anasikilizwa? Inabidi ujenge jina taratibu.

Kusonga mbele, kuvuka

Masta zipo SUA na chuo cha Nelson Mandela Arusha, na huko juu kuta zinapungua, wapo wa chakula waliofanya masta ya lishe na wapo waliofanya kinyume. Kuvuka toka Chakula kwenda utafiti wa sumukuvu au kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta ni rahisi, hizo ni sehemu ambazo kozi zote mbili zinakutana. Kuvuka toka Chakula kwenda kuhudumia wagonjwa ni ngumu, na ndivyo inavyotakiwa. Toka Lishe kwenda kuendesha laini ya uzalishaji nako ni ngumu kwa sababu ya uhandisi.

Ukiwa Kenya

Kitu kikubwa ni leseni. Sheria ya 2007 iliunda KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe, na kufanya kazi kama mtaalamu wa lishe bila kusajiliwa nayo ni kosa, kwaiyo kabla hujalipa ada hakikisha kozi ya chuo chako inatambulika huko. Diploma ya lishe ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, ni njia inayoheshimika. Upande wa chakula, chuo kikuu cha JKUAT na Chuo Kikuu cha Nairobi wanafundisha, na kama unajiuliza umuhimu wake, waulize watu wa Makueni na Kitui: mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yalileta sumukuvu, wagonjwa 317, wakafa 125.

Sasa wewe uko wapi

Kama unapenda kujua kitu kinafanyaje kazi, ulikuwa unabomoa redio ya baba, hesabu hazikutishi na kuongea na watu wengi kunakuchosha, nenda Chakula. Kama wewe ndo yule ambaye kwenye daladala mama asiyekujua anakueleza matatizo yake yote mpaka mnashuka, nenda Lishe.

Kama familia inakutegemea na unatakiwa kuingiza hela mapema, Chakula ina milango mingi ya haraka, hata kama ni midogo. Kama unaweza kusubiri na unataka kutulia na pensheni, Lishe ya serikali.

Kama ulikosa udaktari kwa pointi na moyo bado uko hospitali, usiende Chakula ukijidanganya utavuka baadaye, chukua Lishe na uelekee upande wa wagonjwa. Kama ndoto yako ni kiwanda chako mwenyewe, Chakula, na jifunze kuuza ukiwa bado chuo, anza na wenzio wa hosteli bumu likitoka.

Kama alama hazikutosha digrii, anza diploma, usikae nyumbani mwaka mzima unanung'unika, nimefanya kazi na watu wa diploma waliokuwa wananifundisha mimi mwenye digrii namna ya kusikiliza mashine. Na kama hutaki maabara wala wodi ila unapenda familia, malezi na uchumi wa nyumbani, SUA kuna kozi ya familia na walaji, iangalie nayo, watu wanaidharau kwa jina tu.

Na kama umesoma mpaka hapa na bado huelewi, kabla dirisha la maombi halijafungwa tumia siku mbili. Moja nenda kwa msindikaji yeyote wa karibu, hata wa mtindi, omba usaidie kuosha chupa na uangalie. Nyingine nenda kliniki ya watoto ya kituo cha afya cha mtaani kwenu, omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, kaa pembeni ya mzani usikilize kina mama na nesi wanavyoongea. Angalia ni wapi umesahau kutazama saa. Kliniki wahi tu, ukifika saa nne wameshapima watoto wote.